Kidonda kimefunga, lakini baba watoto hatoki kitandani

Swali:

Docta, mume wangu ana miaka 41, ni fundi mwashi. Miezi minne iliyopita alipasuliwa mgongo kwa sababu diski ilikuwa inakandamiza neva ya mguu wa kushoto. Mguu umepata nafuu, kidonda kimefunga, na daktari aliyempasua ametazama picha akasema kila kitu kiko sawa. Lakini yeye anashinda amelala. Anasema mgongo unauma na akiinama utakatika. Binti yetu wa miaka 15 ndiye anayempelekea maji ya kuoga hadi chumbani. Kine, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alimwambia ni uvivu, tangu siku hiyo hajarudi kwenye mazoezi. Anameza tramadoli za famasi ya jirani, usiku halali, hanigusi, na juzi alisema heri angefia palepale kwenye meza ya upasuaji. Mama mkwe anataka tumpeleke chumba cha maombi. Shemeji anasema tuuze parsele (kiwanja) yetu ya Bagira apasuliwe tena Kampala. Jirani anasema hicho ni kichwa, nimpeleke Sosame, kituo cha wagonjwa wa akili. Mimi nauza sambaza, wale samaki wadogo, sokoni Kadutu hapa Bukavu, siwezi kushinda nyumbani. Je, mume wangu ni mgonjwa wa mgongo au wa akili?

Jibu:

Mama, nianze na lile neno la kufa. Mengine yatangoja.

Usilichukue kama hasira za mgonjwa tu. Leo jioni, watoto wakishalala, kaeni wawili umwulize wazi: unawaza kujiua? Umeshafikiria namna ya kufanya? Watu wengi huogopa kuuliza hivyo wakidhani watampa mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Sivyo inavyokuwa. Mwenye wazo hilo huwa amelibeba peke yake, na kuulizwa na mtu asiyeshtuka wala kumgombeza humpunguzia uzito. Akisema amechoka na maisha lakini hana mpango wowote, bado tafuteni msaada wiki hii hii. Akitaja njia, au akinyamaza kwa namna inayokutia wasiwasi, asilale peke yake usiku huo, na asubuhi mfikisheni kwa daktari au muuguzi wa afya ya akili. Na lolote atakalojibu, vidonge vyote vilivyomo nyumbani vihamie kwako. Wewe ndiye umpe vya siku moja, si pakiti nzima.

La pili la haraka ni la mwili. Mkojo au choo vikianza kumtoka bila kujua, au mkojo ukikataa kutoka. Akifa ganzi sehemu za siri na makalioni. Miguu ikilegea ghafla. Akipata homa, au kovu likaanza kuvimba na kutoa usaha. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, au pumzi ikimbana, basi msingoje miadi. Hayo ni ya kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo. Kwa ulivyoandika sioni hata moja, na ndiyo maana naweza kuendelea kwa utulivu.

Sasa swali lako: mgongo au akili? Linavyoulizwa mitaani, linamlazimisha mgonjwa achague kati ya kuwa mwongo na kuwa mwendawazimu, na mume wako hayuko kwenye hata moja. Maumivu yake ni ya kweli. Upasuaji wa diski hufanywa hasa ili kuikomboa neva ya mguu, na kwake hilo limefanikiwa. Kiuno chenyewe kinaweza kuendelea kuuma kwa miezi, kwa sababu misuli ilisogezwa ili daktari apite, na kwa sababu neva zilizokandamizwa muda mrefu hubaki na ukali: hata mguso mdogo huzichokoza. Akiwa na ganzi kwenye unyayo, hiyo pia ina mwendo wake wa polepole. Neva huota upya kwa kiasi cha milimita 1 kwa siku, kwa hiyo hesabu mwenyewe safari ya kutoka kiunoni mpaka vidoleni.

Juu ya maumivu hayo imekaa hofu, na hofu ndiyo inayomlaza. Mwaka 2000 wanasaikolojia wawili, Johan Vlaeyen na Steven Linton, waliandika vizuri jinsi mzunguko huu unavyokwenda. Mtu anasikia maumivu, anayatafsiri kuwa ni dalili ya kuharibika, anaacha kusogea ili asiharibike zaidi. Kwa kuacha, misuli inakonda, viungo vinakakamaa, usingizi unaharibika na moyo unazama. Siku akijaribu kuinuka, mwili uliodhoofika unauma kuliko mwanzo, naye anaona amepata ushahidi kwamba alikuwa sahihi. Baada ya miezi minne ya namna hiyo, mgongo uliopasuliwa vizuri kabisa unaweza kumfanya mtu mzima ashindwe kukaa kwenye kiti. Hofu ya namna hii ina hata kipimo chake, kiitwacho Tampa: sentensi 17 ambazo mgonjwa anasema anakubaliana nazo kiasi gani, mfano kwamba anaogopa kujiumiza akifanya mazoezi. Alama huanzia 17 hadi 68, na anayepita 37 kwa kawaida huhesabiwa kuwa na hofu kubwa. Sijamwona mume wako, lakini mtu anayesema mgongo utakatika akiinama, nadhani ningejua jibu kabla ya kujumlisha.

Hofu hiyo ameipata wapi? Mara nyingi tunampa sisi wenyewe, watu wa hospitali. Siku ya kutoka wodini mgonjwa huambiwa: usiiname, usibebe, usikae muda mrefu, usipande moto (pikipiki). Kwa wiki za mwanzo ni maneno ya busara. Shida ni kwamba makatazo hayo hutolewa bila tarehe ya mwisho, na hakuna anayekumbuka kuyaondoa. Familia inayashika kama amri za Musa. Mwezi wa nne mgonjwa bado anaishi kwa sheria za wiki ya kwanza, na kila akitaka kuokota kiatu kuna mtu wa kupiga kelele: acha, utajiharibu! Ninyi mnadhani mnampenda, yeye anasikia kwamba mgongo wake ni wa kioo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ndogo na haina gharama kubwa. Rudini kwa daktari aliyempasua, mume wako akiwepo mwenyewe kwa masikio yake, mkamwombe aandike kwenye karatasi: kuinama ruksa au hapana? Kubeba kilo ngapi, kuanzia lini? Moto je? Kurudi kwenye ujenzi lini, na kwa kazi ipi? Aulizwe pia swali moja wazi: akifanya mazoezi na kuuma kidogo, je, mgongo unaharibika? Kwa upasuaji wa diski wa kawaida, jibu mtakalolipata litamshangaza. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2014, yaliyokusanya majaribio 22 yenye wagonjwa 2,503 waliopasuliwa diski ya kiuno, yaliona kwamba mazoezi yanayoanzishwa kati ya wiki ya 4 na ya 6 hupunguza maumivu na ulemavu, na hayakuona kwamba wanaofanya mazoezi hurudi kwenye meza ya upasuaji zaidi ya wengine. Waandishi wenyewe walikiri kwamba ubora wa ushahidi wao ni mdogo, nami sitaki kuupamba. Lakini unaelekea upande mmoja, nao si upande wa kitanda. (Kama waliunganisha mifupa kwa skrubu, mambo yanabadilika: mifupa huchukua miezi mingi kushikana, na daktari ndiye mwenye kalenda.)

Baada ya karatasi hiyo ndipo saikolojia inaanza, na haianzi kwa mahubiri. Kumwambia mtu asiogope hakujawahi kuondoa hofu ya mtu yeyote. Hofu huondoka mtu anapofanya kile anachokiogopa, kwa kipimo kidogo, akaona kwa macho yake kwamba hakikumvunja, kisha akarudia kesho. Mwanasaikolojia akikaa na mume wako atamwomba apange shughuli zake kuanzia inayomtisha kidogo hadi inayomtisha zaidi. Kwa mtu wa Kadutu naweza kuiwazia orodha hiyo: kukaa kwenye kiti na kula bugali na wengine, kwenda kuoga mwenyewe, kufika mlangoni, kufika barabarani, kushuka ngazi za mtaa na kuzipanda, kubeba bidoni ya lita 5, ambayo ni kilo 5, kabla hata ya kuota ile ya lita 20, kukaa nyuma ya motari, kushika mwiko na kupiga plasta ukuta mfupi. Mfuko wa saruji wa kilo 50 uko mwisho kabisa wa orodha, na pengine ukae hukohuko milele. Bukavu yetu haina tambarare, na mteremko humtisha mgonjwa wa mgongo kuliko mpando, hasa mvua ikinyesha na udongo ukateleza. Achukue fimbo, apite saa kavu, na atakayetembea naye awe anaongea habari za mpira, asimwulize kila hatua kama anaumwa.

Kipimo kiwe saa, kisiwe maumivu. Hapa ndipo wengi wanakwama, kwa hiyo nitakawia kidogo. Mgonjwa akisema atatembea mpaka paume, siku nzuri atakwenda mbali sana kwa furaha, kesho yake atalala siku nzima kwa maumivu, na hofu itapata chakula. Akisema atatembea dakika 5 asubuhi na dakika 5 jioni, paume pasiume, na asimame dakika hizo zikiisha hata kama anajisikia simba, mwili unajifunza kwamba kusogea ni jambo la kawaida. Baada ya siku kadhaa anaongeza dakika 1 au 2. Maumivu yakipanda kidogo kisha yakashuka kufikia kesho asubuhi, yuko sawa. Yakibaki juu siku mbili, anarudi nyuma hatua moja bila kuacha. Binti yenu, badala ya kumpelekea maji, apewe daftari aandike dakika za baba. Watoto ni makarani wakali, hawadanganyiki.

Kuhusu kine aliyetaja uvivu, mume wako ana haki ya kukasirika. Neno hilo limempotezea wiki nyingi kuliko diski yenyewe. Lakini msiyaache mazoezi kwa sababu ya mdomo wa mtu mmoja, tafuteni mwingine. Kituo cha Heri Kwetu hapa Bukavu kinajulikana kwa kuwasaidia watu wenye ulemavu na wanaojifunza upya kutumia viungo, na hospitali kubwa za mji zina idara za kine. Mkimwona huyo mpya, mweleze mbele ya mgonjwa: anaogopa kuinama, tunaomba umfundishe kuinama. Kine mzuri atafurahi kulisikia, kwa kuwa sasa ana kazi inayojulikana. Lililo muhimu ni kwamba kine na mwanasaikolojia wafuate orodha ileile. Mmoja akisema pumzika na mwingine akisema tembea, mgonjwa atamsikiliza yule anayeogopa kama yeye.

Hapo Sosame inaingiaje? Jirani yako ametaja mahali pazuri kwa sababu mbaya. Mji mzima unapafahamu kama pa wendawazimu, na mume wako akiambiwa ghafla kwamba anapelekwa huko ataona mmemkatia tamaa. Ukweli ni kwamba kituo kile kinachoendeshwa na Mabruda wa Charité ni cha afya ya akili kwa upana wake, na mtu mwenye huzuni nzito anahudumiwa huko kama mgonjwa mwingine yeyote. Tena kuna jambo linalonishangaza kwa mji huu. Ni hapa, Panzi, hospitali aliyoianzisha Denis Mukwege mwaka 1999, ambapo dunia ilionyeshwa kwamba mwanamke aliyejeruhiwa kwa ukatili haponi kwa kisu cha daktari peke yake, kwamba anahitaji pia mtu wa saikolojia, mtu wa sheria na namna ya kurudi kujitafutia riziki. Mukwege alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, nasi tulishangilia barabarani. Halafu fundi mwashi akipasuliwa mgongo tunamshona, tunampa karatasi ya dawa, tunamwambia kwaheri.

Kama kufika kwa mwanasaikolojia kila wiki ni kazi, na kwa anayeuza sambaza najua ni kazi, ulizeni kama vikao vinaweza kuwa kwa simu. Si ujanja wa maskini. Katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, timu ya Kristin Archer ilichukua watu 86 waliopasuliwa kiuno, wenye hofu kubwa ya kusogea, ikawapa nusu yao vikao 6 vya kila wiki, vingi vikiwa kwa simu, vikiongozwa na wataalamu wa mazoezi ya viungo waliofundishwa mbinu za saikolojia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: waliopata vikao hivyo walipungukiwa na maumivu na ulemavu kuliko waliopewa mafunzo ya kawaida. Upo pia mpango wa OMS (Shirika la Afya Duniani) uitwao Problem Management Plus, uliochapishwa mwaka 2016, wa vikao 5, ambao mhudumu asiye mwanasaikolojia anaweza kufundishwa kuutoa. Ulijaribiwa pembezoni mwa Nairobi. Ukikutana na mhudumu wa kisaikolojia kwenye kituo cha afya, mwulize kama ameufundishwa.

Lakini huzuni lazima ipimwe pia, mbali na hofu. Maswali mawili yanatosha kufungua mlango: je, kwa wiki mbili zilizopita amekuwa na moyo mzito, bila matumaini, siku nyingi? Je, amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda? Akijibu ndiyo kwa lolote kati ya hayo, daktari amtazame kwa undani, maana huzuni kubwa isiyotibiwa huzidisha maumivu na huua nguvu ya kufanya mazoezi. Mwulize vilevile kuhusu ndoto za usiku. Baada ya vita vilivyoufikia mji wetu mwanzoni mwa 2025, ninaowaona wakiwa na mgongo mgumu na usingizi mbovu wakati mwingine wanabeba jambo jingine kabisa, na likitajwa mgongo unaanza kulegea.

Tramadoli. Hii inanitia hofu kuliko kiuno chake. Dawa hiyo inazoesha mwili, inaweza kuleta degedege, hasa ikizidi miligramu 400 kwa siku au ikichanganywa na dawa nyingine za neva na za usingizi, na inafunga choo, na kujikamua chooni kunamwumiza mgongo upya. Lakini asiache ghafla. Akiacha kwa siku moja atatoka jasho, atatetemeka, hatalala, na mtadhani ugonjwa umezidi. Andika anameza ngapi kwa siku, mpeleke daktari hesabu hiyo ya kweli, apunguziwe polepole. Famasi ya jirani isimwuzie tena bila karatasi. Kawaambie wewe mwenyewe.

La kitandani umeliandika kwa maneno mawili na nimelisikia. Mwanamume anayeogopa kuinama anaogopa zaidi kushindwa mbele ya mke wake, kwa hiyo anajitenga mapema. Kwa upasuaji wa diski uliokwenda vizuri, tendo la ndoa kwa kawaida huruhusiwa baada ya wiki chache, naye amepita miezi minne. Mwachie achague mkao usiombana kiuno, na mwanzoni kulala karibu tu kunatosha. Kama ni mwili wenyewe haujibu, amwambie daktari, maana tramadoli na huzuni vyote viwili vinaweza kuwa chanzo.

Nyumbani mrudishieni ubaba kabla ya kumrudishia kazi. Ada ya shule, bei ya sambaza, ugomvi wa watoto, mambo haya yafike kwake tena, hata akiwa amelala. Kisha, akishafika barabarani kwa miguu yake, atafutwe fundi mwenzake anayehitaji jicho la mzoefu: kupima, kukadiria tofali, kusimamia vijana. Fundi aliyekaa kwenye kiti anaweza kuokoa ukuta uliopinda, na siku atakayolipwa franka za kwanza atahitaji vidonge vichache.

Mama mkwe msimzuie kuomba. Maombi yanampa mtu watu wa kukaa naye, na mume wako amebaki na ukuta tu. Ila kuwe na masharti matatu: asifungishwe akala njaa, asiambiwe aache dawa, na asianze mtu kumtafuta mchawi aliyemtupia diski. Mchungaji mwenye akili atakubali, tena mwombeni awatume vijana wawili wa kanisa wamtembeze jioni.

Na parsele ya Bagira, msiuze. Upasuaji wa pili kwa kawaida hautoi matumaini kama wa kwanza, na kwa mtu ambaye mguu umepona, picha ni safi, na shida ni kiuno na hofu, Kampala watampasua nini? Ningebadili mawazo kama maumivu ya mguu yangerudi kama ya zamani, kama unyayo ungeanza kuburuzika anapotembea, au kama picha mpya ingeonyesha kipande cha diski kimetoka tena au maambukizi. Hata hapo, kabla ya kuongea na mnunuzi, ombeni hospitali iliyompasua ripoti ya upasuaji na picha zote, za kabla na za baada, pamoja na orodha ya dawa. Zipigeni picha kwa simu, zitumwe kwa daktari mwingine wa uti wa mgongo asome na atoe maoni, mkiwa bado nyumbani kwenu na parsele ikiwa bado ni yenu.